Tulivyomgawana Mungu Nje ya Wodi

Usicheke. Mimi niliwahi kumgawa Mungu mafungu matatu nje ya wodi ya mahututi, mimi, mke wangu na mama mkwe, kila mtu nikampa wake wa kumwomba.

Binti yetu alikuwa mle ndani, mipira puani. Tulimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo. Akiamka anaongea, akilala anaongea. Sasa hata kukohoa hakohoi.

Mimi ni makenika. Spea ikiadimika, natuma watu maduka matatu kwa mpigo, atakayeipata kwanza anapiga simu. Basi na akili yangu iliishia hapohapo.

"Mama Chiriku, wewe shika Mwana. Mimi nitambana Baba. Mama abaki na Roho."

"Baba Chiriku, Mungu ni mmoja," mke wangu akasema.

"Mmoja, lakini si tunafundishwa wako watatu? Sasa tujazane mlango mmoja wa nini?"

Hakuwa na nguvu za kubishana. Akainamisha kichwa, akaanza na wake.

Mwenzenu nami nikaanza. "Ee Baba..." Sentensi ya pili tu, nikajikuta nasema "kwa ajili ya Mwanao." Aa! Nikarudi mwanzo. Nikateleza tena palepale.

Mara namsikia mke wangu: "Yesu, mwambie Baba yako..." Nikamkata jicho. Yaani ukigonga kwa mmoja, unawakuta wote ndani.

Mama mkwe yeye kimya. Kakaa sakafuni, anajitikisa, anaguna tu. Mmm. Mmm.

Hasira zikanipanda. "Mama, mbona huombi? Wa kwako ndiye anayetuangusha!"

"Maneno yameniishia, mwanangu," akasema, akaendelea kuguna.

Alasiri daktari akatoka. Nilimwangalia viatu mpaka akamaliza kusema. Chiriku wetu alikuwa ameondoka.

Baada ya maziko, kila mtu na kona yake. Mke wangu chumbani, mlango umefungwa. Mimi gereji, nimelala chini ya gari ambalo wala halikuwa bovu.

Siku moja tukakutana ukumbini. Akanitazama, macho mekundu.

"Ni yupi aliyekataa? Wako au wangu?"

Jamani! Mikono hii inashusha injini nzima na kuirudisha, lakini pale ilining'inia tu kama si yangu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama mkwe akatoka jikoni. Hakutuhubiria. Alitushika mikono, akatukalisha kwenye kitanda cha Chiriku, akakaa katikati. Akaanza ule mguno wake. Mmm.

Mke wangu akaupokea. Mimi nikawa wa mwisho. Mwanamume mzima, nililia mpaka kamasi.

Ikafika mahali sijui sauti ipi ya nani. Mimi nilikuwa mimi, mke wangu ni yeye, mama ni mama. Lakini kilio kilikuwa kimoja, na huwezi kusema cha huyu kimeishia wapi na cha yule kimeanzia wapi.

Nikamkumbuka mama pale sakafuni wodini. Kumbe muda wote ule alikuwa anaomba, na mimi nikamfokea.

Usiniulize Utatu, siwezi kukueleza. Swali la mke wangu nalo liko palepale, hakuna aliyelijibu.

Ila ukifikwa na zito, nisikilize mimi niliyekosea. Usimgawe Mungu. Na kilio msigawane, lieni pamoja.