Breki Ikikanyagwa, Taa ya Kona Inawaka

Nilikubali kubadilisha nyaya za taa za minibasi ya shangazi yangu kwa sababu niliogopa kukataa. Kabla ya hapo nilikuwa msichana wa redio na spika, hapo nyumbani kwetu Kamembe, mpakani mwa Rwanda na Kongo. Kazi hiyo nilijifunza mwenyewe kwa kufungua vitu, kushindwa kuvifunga, na kutazama video kwenye simu mpaka chaji iishe. Redio ina adabu: nyekundu ni chanya, nyeusi ni hasi, na ukikosea unaona moshi mdogo, unazima. Gari sikuwahi kuligusa. Shangazi hakuona tofauti. Kwake waya ni waya.

Minibasi hiyo ilikuwa ya kwenda Nyakabuye, na ndiyo iliyomlisha shangazi tangu mume wake afariki. Taa moja ya nyuma ilikuwa imekufa, na Jumanne gari lilipaswa kupita ukaguzi. Lisipopita, nafasi yake kwenye ile njia ingepewa mtu mwingine aliyekuwa akiingoja, na shangazi angebaki na gari lisilo na pa kwenda. Aliniambia hayo huku akinimiminia chai, bila kupandisha sauti. Angepiga kelele ningeogopa kidogo tu.

Nilipofunua sakafu nilikuta vurugu. Waya mwekundu uliingia chini ya kiti cha dereva ukatokea nyuma ukiwa wa kijani. Katikati, ndani ya fundo la tepu, kulikuwa na kipande cha waya wa pasi, ule uliovikwa nguo. Kila aliyewahi kulitengeneza gari hilo alitumia alichokuwa nacho siku hiyo. Ningeweza kutafuta palipokatika nikapaunga, basi. Lakini nina ugonjwa wangu: siwezi kuvumilia rangi inayodanganya. Nikasema nang'oa nyaya zote.

"Zote?" akauliza dereva wa shangazi, baba mmoja wa Bukavu mwenye tumbo kubwa na maneno mengi. "Injeniere, mugonjwa anaumwa jino, wewe unatoa matumbo?"

"Nataka zikae kwa mpango, Papa."

"Mpango. Sawa. Na bantu ba Nyakabuye, batapanda juu ya mpango?"

Sokoni kwetu, waya huuzwa kwa kupimwa kwa mikono iliyonyooshwa, kwa hiyo wanunuzi wote hukimbilia muuzaji mwenye mikono mirefu. Wa wakati huo alikuwa kijana mrefu kama nguzo ya umeme, naye alikwisha kutuchoka. "Munanipendea mikono tu," alilalamika. "Kuna wafupi pale, banalala na njaa." Nilikwangua ncha ya waya kwa kisu nione kama ni shaba kweli au ni bati jeupe lililopakwa rangi ya shaba. Nikakwangua wa pili, na wa tatu, mpaka akaninyang'anya kisu. Kisha nikakwama kwenye unene. Mwembamba utapata moto. Mnene hautaingia kwenye soketi ya taa. Nilinunua mwembamba, nikarudi kubadilisha, nikafika nyumbani nikajuta, nikarudi tena. Mara hiyo yule kijana aliponiona alijifunika uso.

Kazi yenyewe, nakiri, ilinipendeza. Kila rangi ilibaki ileile kutoka mbele mpaka nyuma. Palikuwa na sehemu moja tu iliyoniudhi: pale nyuma, ndani ya bodi, ambapo waya wa masi wa kila upande hufungwa kwa bolti yake. Masi ndilo neno letu, tumelitoa kwa Wafaransa. Ni waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, na bodi yenyewe inaupeleka hadi kwenye betri. Chuma cha hapo kilikuwa na kutu. Nikakikwangua kulia na kushoto, nikakipaka rangi ya kuzuia kutu, halafu rangi nyeupe juu yake, nikangoja zikauke, ndipo nikafunga nyaya za masi juu ya weupe huo. Nikapiga picha.

Jumatatu alasiri dereva aliketi kwenye usukani, mimi nikasimama nyuma.

"Kanyaga!"

Taa ya breki ya kushoto ikawaka vizuri, nyekundu. Ya kulia ikafifia kama macho ya mtu mwenye homa, na taa ya kona iliyo chini yake, ile inayoonyesha gari linakata upande, ambayo hakuna aliyeiwasha, ikawaka rangi ya chungwa.

"Achia! Kanyaga tena!"

Ileile. Dereva akapaza sauti kutoka mbele: "Injeniere, huku kwa dashibodi kuko fete, kama harusi! Taa zote zinanisalimia!" Aliposhuka kuja kutazama alishika tumbo akicheka. "Nikisimama, gari inasema nakata kuume. Bapolisi batanifuata mpaka Bugarama."

Sikucheka. Nilibadilishana balbu za kulia na kushoto. Ugonjwa ukabaki kulia. Nilifungua maungio yangu yote, nikayafunga upya. Nilifuata kila rangi kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, nayo ilifika ilikopaswa kufika. Hapo ndipo kichwa kilipoanza kunizunguka. Kama kitu kingekuwa kibaya ningekiona. Kila kitu kilikuwa kizuri, na breki ilikuwa inawasha kona. Nilianza kushuku rangi zenyewe, kisha macho yangu, kisha zile video zote nilizowahi kutazama. Nililala chini ya gari, si kwa kutengeneza, ila ili watu wasinione nikilia.

Shangazi alikuja akitoka kusali alasiri. Nikaona viatu vyake.

"Imeisha?"

"Bado kidogo, Tantine."

"Kidogo ya leo ao ya kesho?"

Shangazi akamwambia dereva, "Munaona huyu? Miguu tu anatuonyesha."

Nilitoka. Nilikuwa na waya mrefu wa manjano wa kupimia, ncha moja nimeifunga kwenye hasi ya betri, na nyingine nilikuwa nayo mkononi bila kujua naipeleka wapi. Dereva alirudi kukanyaga breki kwa kunihurumia tu. Ule waya ukaniponyoka, ncha yake ikagusa chuma cha soketi ya taa ya kulia.

"Eh!" shangazi akashtuka. "Imekuwa nyekundu!"

Niliutoa: chungwa. Nikaurudisha: nyekundu safi, na kona imezima. Nilifanya hivyo mpaka dereva akauliza kama mguu wake ni wa kukodi.

"Basi iache hapo," shangazi akasema.

"Lakini Tantine, ni mbaya. Na sijui kwa nini inafanya hivyo."

"Mimi nilikuuliza kwa nini?"

Basi ule waya wa manjano, mbaya kuliko wote, ukapita chini ya gari kutoka kwenye betri hadi nyuma, ukiwa umefungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Kazi yangu yote nzuri ikawa imevaa kamba.

Jumanne nilikwenda nao. Mkaguzi aliamuru breki, kona, breki tena, zote zikatii. Halafu akainama. Akauonyesha ule waya kwa kalamu, akaniuliza kwa Kinyarwanda ni wa nini. Shangazi alinitazama. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu yenye maneno makubwa, nikayaacha yote.

"Ni masi," nilisema. "Bila huu, breki inawasha kona. Sababu yake siijui vizuri."

Aliufuata kwa kalamu toka nyuma kuelekea mbele. Kisha akasema nisogeze waya mbali na bomba la moshi. Nikausogeza. Akapitisha gari.

Shangazi hakupiga vigelegele. Alishika tu ukingo wa mlango kama mtu aliyeteremka ngazi ndefu, akasema Alhamdulillah, akamwambia dereva twende stendi.

Njiani nilifikiri ni ile rangi nyeupe. Rangi haipitishi umeme. Nilifunga masi juu ya rangi. Kwa hiyo umeme ulipokosa njia ya kurudi ukapitia kwenye taa ya kona. Nilifurahi sana kwa dakika chache. Halafu nikakumbuka kwamba upande wa kushoto niliupaka rangi ileile, kwa brashi ileile, na haukuwahi kusumbua.

Stendi abiria walikuwa wameanza kupanda.

"Tantine, nipe nusu saa tu. Nifungue pale nyuma nione."

"Uone nini? Inatembea."

"Nijue."

"Ukifungua na ikakataa, bantu hawa nitawabeba kwa mugongo?"

Bisibisi nilikuwa nayo tayari mkononi. Shangazi akamwita mama mmoja aliyekuwa na gunia la mchele, akamwonyesha kona ya nyuma kulia, juu kabisa ya ile bolti yangu ya masi. Gunia likatua hapo. Juu yake likawekwa jingine, na juu ya yote akaketi mama mwenyewe, akaniuliza mbona nimesimama mlangoni, nashuka au napanda.