Beji za Kwaya ya Kambini

Wifi yangu Agripina ni mtu wa maneno machache, na mimi Mungu aliniumba kinyume chake, ndiyo maana habari zake nazisimulia mimi. Ukimwachia mwenyewe atakwambia, "Nilitengeneza beji, wakaenda kwao," kisha atakuuliza kama umekula.

Tunakaa Kanazi, huku Ngara. Nyumba yake na yangu zimetenganishwa na migomba tu, kwa hiyo akikohoa nasikia. Mume wake Anatoli alikuwa kaka yangu. Alifariki miaka ile kambi ya Lukole ilipokuwa imejaa wakimbizi Warundi, na baada ya mazishi Agripina akanyamaza. Kama angenuna ningemweza, maana kununa nakujua vizuri. Yeye alipika, akalima, akamsuka binti yake Nice nywele, bila neno na bila chozi. Niliogopa sana, nikawa nampelekea chumvi ambayo hakuiomba ili tu nimwone.

Siku ya mazishi kulitokea jambo ambalo hatukulitarajia. Agripina alikuwa akiuza ndizi kwenye soko la kambini, na mteja wake mmoja, msichana aitwaye Deodata, alikuwa mwimbaji wa kwaya huko. Aliposikia msiba aliwaambia wenzake, wakaja kwa miguu, hawakualikwa wala hawakutaka kulishwa. Walisimama karibu na mibuni yetu wakaimba mpaka kaburi likajaa. Aliyewaongoza alikuwa mwalimu wa shule ya kambini, mwembamba, jina lake Ndizeye. Aliongoza kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ameuzamisha mfukoni kama mtu anayelinda karanga zake. Nilisema moyoni, mwalimu gani huyu, mkono mfukoni msibani. Alipofungua mdomo kuimba nilimsamehe.

Hiyo kwaya ndiyo iliyomtoa Agripina ndani. Jumapili moja alifunga kitenge chake akaniambia anakwenda kusali kambini. Jumapili iliyofuata akaenda tena. Kule kambini kwaya zilikuwa nyingi na kila moja ilikuwa na mashabiki wake, wanashangilia na kutaniana vibaya kuliko watu wa mpira. Wifi yangu mpole, asiyeweza kumfukuza kuku kwa sauti, akawa shabiki. Sikukuu moja nilimwona kwa macho yangu amesimama juu ya benchi la kanisa la nyasi, anapiga vigelegele.

Huko kwenye ushabiki ndiko beji zilikoanzia. Mashabiki walitaka kitu cha kubandika kifuani, chenye sura ya mwimbaji wanayempenda. Agripina alikuwa ameolewa na fundi cherehani, kwa hiyo vipande vya nguo alikuwa navyo. Makopo ya mafuta ya msaada yalizagaa kila mahali. Alikata bati la kopo duara dogo, upana wa pasheni, akabandika juu yake kitambaa kwa uji mzito wa muhogo. Picha alikwenda kuitoa kopi mjini Ngara. Aliilaza kopi kifudifudi juu ya kitambaa, akapaka mgongoni dawa ya kuyeyushia rangi, ile mafundi wanaiita tina, halafu akasugua kwa mgongo wa kijiko. Alipobandua karatasi, wino wote ulikuwa umehamia, na nyuzi za kitambaa zinaonekana ndani ya uso wa mtu.

Hakuishia hapo. Pembeni alizungusha ganda kavu la mgomba, jembamba, lenye mistari yake. Akatia maji ya kahawa pale anapotaka kivuli, akasugua udongo mwekundu kidogo pale anapotaka joto. Wakati mwingine aliunganisha picha mbili, uso wa mwimbaji na kilima kutoka gazeti la zamani, mpaka huoni palipoungwa. Na kila shabiki alimletea kitambaa chake mwenyewe, cha kitenge cha mama au shuka ya mtoto, kwa hiyo hapakuwa na beji mbili zilizofanana. Nilimtania kwamba sasa ameacha kulima ndizi analima nyuso. Alicheka. Siku hiyo nilirudi kwangu nikaketi kitandani nikamshukuru Mungu.

Niseme pia kwamba picha ikihamishwa hivyo hugeuka, upande wa kulia ukawa wa kushoto. Agripina alilijua hilo. Lakini uso ukigeuka unabaki uso, na hakuna shabiki aliyewahi kulalamika kwamba chunusi ya mwimbaji wake imehama.

Kisha ikaja habari ya kurudi. Kwao Burundi kulianza kutulia, watu wakaanza kujiandikisha, na kwaya nzima ikapangiwa malori ya siku moja. Wakifika ng'ambo wangetawanyika, huyu Muyinga, yule Ruyigi, mwingine mahali asipopajua hata jina. Agripina aliwaza siku kadhaa, kisha akaniambia anataka kuwatengenezea wote beji ya mwisho, yenye Mwalimu Ndizeye mwenyewe.

"Sikumshukuru," alisema. "Alimwimbia Anatoli, nami sikufungua mdomo. Akiondoka hivi hivi, nitamshukuru lini?"

Picha aliyoichagua ilipigwa siku kwaya iliposhinda mashindano. Ndizeye alikuwa anampa mkono paroko. Agripina alimkata paroko, samahani baba, akambakiza Ndizeye peke yake, amenyoosha mkono mbele, ili kila atakayeitazama beji aone anapewa mkono wa kwaheri. Waimbaji wakamletea vitambaa walivyokimbia navyo kutoka kwao, vipande ambavyo havina ndugu tena. Kitambaa cha beji ya Ndizeye hakikuwepo, maana yeye hakukimbia na chochote. Agripina akafungua sanduku, akatoa shati la Anatoli, lile la michirizi, la mwisho lililobaki, akalikata mfuko.

Nilinuna. Lilikuwa shati la kaka yangu, na sikuulizwa. Nilikaa siku mbili nikipita migombani bila kusalimia, na yeye akaendelea kusugua kijiko chake.

Deodata alikuja kuzichukua mchana, malori yakitarajiwa kesho yake asubuhi. Nami nilikuwepo, kununa kumenichosha.

"Shikamooni mama zangu."

"Marahaba, mwanangu, kaa."

Agripina alileta ungo, beji zimepangwa juu yake. Deodata alikitambua kitenge cha mama yake, akakigusa kwa kidole, akatabasamu. Kisha tabasamu likakauka. Aliiinamia ile beji, akachukua nyingine, na nyingine.

"Mama Nice," alisema taratibu, "mbona mwalimu anatuaga kwa mkono wa kushoto?"

Nikatazama. Kweli. Ndizeye alikuwa amenyoosha mkono wa kushoto, beji zote. Kwetu Wahangaza, na kwa Warundi vilevile, kwa mkono huo humpi mtu kitu wala hupokei kitu. Ukimpa mtu mkono wa kushoto umemtukana, na ukimuaga nao ni kama umemwambia asirudi. Agripina aliangalia nyuso muda wote huo, akasahau kwamba mkono nao ungegeuka. Na vitambaa vilikuwa vimekwisha. Hapakuwa na kipande kingine cha kitenge cha mama wa Deodata popote duniani, wala mfuko mwingine wa shati lile.

Deodata, mtoto mwenye adabu, alisema haina neno. Akaondoka mikono mitupu. Agripina akafunika ungo kwa kanga.

"Siendi kuwaaga kesho," alisema.

Hapo nilipandwa na hasira, nakiri, na ilikuwa hasira nzuri. "Utakwenda," nilimwambia. "Shati la kaka yangu halikukatwa ili lilale kwenye ungo. Kama ni aibu, tutaaibika wote wawili."

Asubuhi tulikodi baiskeli mbili za abiria, ungo nikaushika mimi kwa sababu sikumwamini. Kambini malori yalikuwa yamepangwa, watu wanapandisha magodoro, masufuria, kuku waliofungwa miguu. Ndizeye alikuwa kando ya lori la tatu, anawasaidia wazee kupanda. Alipotuona alikuja, mkono wa kushoto mfukoni kama kawaida.

Agripina alinyoosha ile beji kwa mikono miwili. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mpigo.

"Mwalimu, nisamehe. Picha imegeuka. Sikukusudia uwaage wenzako kwa mkono mbaya. Kitambaa hicho ni cha mume wangu. Ulimwimbia, nami sikukushukuru."

Ndizeye aliipokea, akaitazama. Aliitazama kwa muda mrefu mpaka nikaanza kutafuta maneno ya kumtetea wifi yangu.

"Mama Nice," alisema, "nani alikwambia?"

"Kuniambia nini?"

"Kwamba nina mashoto."

Niliutazama ule mkono mfukoni.

"Nilizaliwa hivyo," alisema. "Baba alikuwa akinifunga mkono huu kwa kamba ya mgomba wakati wa kula, mpaka niuzoee wa kulia. Baba akienda kwenye pombe, mama alinifungua. Alikuwa ananiambia, kula kwa mkono wako, mwanangu, mimi sioni. Mama alibaki njiani tulipokimbia. Tangu hapo hakuna anayeujua mkono huu. Nauweka mfukoni usije ukanitoroka mbele za watu."

Akaigeuzageuza beji kwenye mwanga, akipitisha kidole gumba juu ya michirizi ya shati.

"Hivi ndivyo mama alivyonijua," alisema.

Aliibandika kifuani mwenyewe. Deodata, aliyekuwa amesimama nyuma yake akisikia yote, alikuja akachukua yake ungoni bila kusema kitu, na wengine wakamfuata. Dereva akaanza kupiga honi. Ndizeye akatoa mkono wa kushoto mfukoni, akamnyooshea Agripina.

Wifi yangu aliutazama. Mwanamke huyu alilelewa na mama aliyekuwa anachapa kwa mwiko mtoto anayepokea kitu kwa kushoto. Niliona mkono wake wa kulia unataka kuinuka. Akaushusha. Akaufuta wa kushoto kwenye kitenge, akampa.

Walishikana hivyo mpaka honi ya pili. Na Agripina akalia. Alilia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu tumzike Anatoli, nami nikalia naye, na sioni sababu ya kuficha. Kwaya iliimba juu ya malori mpaka vumbi likawafunika.

Sasa kambi haipo tena, migomba na miti imeota pale. Agripina ameshakuwa bibi, anavaa miwani, na beji bado anatengeneza kwa harusi na ubatizo, ila siku hizi huikagua mikono kwanza.

Jumapili tunasali pamoja, benchi moja. Tukifika pale pa kutakiana amani, huwageukia watu wote akawapa wa kulia, kwa adabu zake zote. Kisha ananigeukia mimi, ananipa wa kushoto, na mimi naupokea kwa wangu. Watu hututazama. Waache watazame.