Alhamisi za Rokenroli Pale Ruiri

Kathambi alikuwa na mdomo, na mdomo huo ndio uliomlisha. Katika ukumbi wake wa video pale Ruiri, nyuma ya duka la dawa za mifugo, aliketi kando ya skrini na maikrofoni mkononi akiwatafsiria watu filamu za ngumi. Shujaa akirusha teke, Kathambi alimpa jina la Kimeru na kumtungia shangazi huko Timau. Watu walicheka mpaka wakasahau nani anampiga nani.

Siku moja ya soko la ng'ombe, fleshi ya filamu aliyoagiza kutoka Meru mjini ilikuja na mambo mengine kabisa. Zilikuwa filamu za zamani za muziki wa rokenroli, zisizo na rangi: vijana wa Marekani wenye nywele zilizopakwa mafuta, wasichana wa sketi pana, na magitaa. Ukumbi ulikuwa umejaa, na filamu nyingine hakuwa nayo. Akajikaza, akaweka ya kwanza.

"Huyu ni Mutugi," akaanza. "Baba yake hataki apige gitaa. Anataka achunge mbuzi."

Wakacheka. Lakini Mutugi alipoanza kuimba, Kathambi akaishiwa maneno. Hakukuwa na teke la kueleza. Akaona heri atafsiri wimbo.

"Anasema, mpenzi, tikisika. Sasa anasema tena tikisika."

"Kathambi," sauti ikatoka nyuma, "hebu tuache tusikie."

Alikuwa Mzee Kaimenyi, dalali wa ng'ombe, mtu asiyejulikana kwa mzaha. Kiunga, kijana wa bodaboda, alikuwa tayari analalamika akitaka ngumi. Mzee aliinuka, akalaza fimbo yake chini ya benchi na kuanza kucheza twisti, koti limefungwa vifungo vyote, uso mkavu kama yuko kwenye baraza la chifu.

Ednah, mama wa chai wa rika la Mzee, alikuwa ameingia kukusanya vikombe. Akamtazama kidogo, akatua birika.

"Unakanyaga tu," akamwambia. "Hiyo huzungushwa kwa kiuno."

Akamwonyesha. Ukumbi ukapiga makofi, na Kathambi akashusha maikrofoni. Mwanzoni alijiona kama amefutwa kazi. Kisha akagundua mguu wake mwenyewe unagonga sakafu.

Wiki hiyo alizitazama filamu zote nyumbani, akaona ni hadithi moja: vijana wanataka kucheza, wazee wanakataa, mwishowe wote wanacheza.

"Kwetu mambo yamepinduka," alimwambia Ednah wakinywa chai. "Hapa wazee ndio wanataka kucheza, vijana ndio wanakataza."

"Basi tupe siku yetu."

Akawapa Alhamisi alasiri. Benchi husukumwa ukutani, na Ednah huja na kina mama wa kanisa, ambao husema wamekuja kunyoosha magoti tu. Kathambi huwaeleza visa vya Mutugi kwa maneno mengi kama kawaida yake, lakini wimbo ukianza tu, huzima maikrofoni. Kunyamaza kumempa shida kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya, na bado anajifunza.

Alhamisi iliyopita Kiunga alichungulia mlangoni, akasema amefuata jaketi aliyoisahau.

"Jaketi umevaa," Ednah akamwambia bila kuacha kucheza. "Ingia, unazuia mwanga."

Kiunga akaingia.