Siku Seva Yangu Ilipolipigia Simu Kanisa Zima

Habari hii huwa naiacha katikati. Kila nikifika pale mchungaji anapoweka simu sikioni akiwa mimbarani, masikio yangu huwaka moto na ghafla ninakumbuka kuna kitu nimeacha jikoni. Leo nitaimaliza, ila mkicheka, chekeni polepole.

Kazi yangu ni kutunza seva, yaani kompyuta zinazoendesha programu za watu, na siku hizi naifanyia nyumbani kwa mama karibu na Kebirigo, dirisha likitazama shamba la majani chai. Mama, kama wakulima wenzake, alikuwa akibeba kikapu mpaka kituo cha kuuzia majani na kusubiri lori ambalo siku nyingine huja mapema na siku nyingine huja baada ya mvua kumwosha yeye, majani na hasira zake zote. Nikasema hili nalimaliza. Nikaandika programu: lori (lina kifaa kinachoonyesha liko wapi) likipita njia panda, mfumo unawapigia wakulima wote simu, na sauti yangu niliyoirekodi kwa Kikisii inawaambia lori liko karibu, chukua kikapu, njoo kituoni sasa, usichelewe. Nikaongeza ujanja niliojivunia kupita kiasi: anayekata simu kabla ujumbe haujaisha anapigiwa tena, kwa sababu watu wetu hukata namba wasiyoijua.

Kikundi cha wakulima kilikubali tuujaribu msimu mmoja. Mwenyekiti, Mzee Nyakundi, ambaye pia ni mzee wa kanisa letu la Kisabato, alitangaza kwamba Jumapili tutakaa tuamue kama mfumo unabaki au tunarudi kusubiri. Nilitaka ubaki kuliko nilivyowahi kutaka kazi yoyote ya Nairobi.

Sasa, mfumo ulikuwa ndani ya kompyuta kuukuu chini ya meza yangu, na Ijumaa hiyo mchana stima ilipotea, ikarudi, ikapotea tena. Nikawaza: ikipotea Jumapili mbele ya mkutano je? Basi nikaamua kitu kidogo tu, nihamishe mfumo kwenye seva ya kukodi iliyo mbali, ile tunayoiita wingu, kabla jua halijatua. Nilikuwa na sababu nyingine pia (fundi hakosi sababu): wenye programu huria niliyoitumia kupiga simu walikuwa wamebadilisha leseni yake, na waandishi wa kujitolea wakachukua msimbo wa zamani wakauendeleza kwa jina jipya, bure kwa kila mtu, nami nilikuwa nawashwa mikono kuijaribu hiyo mpya. Nikapanga kila kitu kwa mtindo wa kisasa, programu imefungwa ndani ya kontena, yaani kifurushi chenye kila inachohitaji, na programu nyingine inaichunga, ikizimika inaiwasha yenyewe. Majaribio yote yakapita. Nikaoga, tukakaribisha Sabato kwa wimbo.

Kesho yake nilikuwa nimepangiwa kusoma andiko, kwa hiyo nilikaa mbele. Mahubiri yalikuwa yamekolea simu moja ilipolia. Ikakatwa. Ikalia nyingine, kisha safu nzima ya kina mama (nyimbo zetu siku hizi ziko kwenye simu, hakuna anayeiacha nyumbani). Mzee mmoja asiyesikia vizuri akapokea akiwa ameweka spika, na kanisa zima likasikia sauti yangu ikimwamuru achukue kikapu, asichelewe. Siku ya Sabato.

Mama akainama kutoka safu ya nyuma yangu. "Momanyi, hiyo si sauti yako?"

"Ni yangu, mama."

"Unafanya kazi Sabato?"

"Mimi sifanyi. Inafanya yenyewe."

"Basi iambie leo ni siku gani."

Hapo ndipo nilipoelewa. Jumamosi lori haliji kwetu, lakini hupita njia panda ileile kwenda kwa majirani zetu Wakatoliki. Kompyuta ya chini ya meza haikuwahi kupiga simu siku hiyo kwa sababu kila Ijumaa jioni niliizima kwa mkono, kama tunavyozima redio, na jambo hilo sikuwahi kuliandika kwenye programu hata mstari mmoja. Kwenye wingu hakuna aliyezima kitu.

Nikatoka nje kwa kunyata, nikafungua seva kwenye simu yangu, nikaizima kontena. Nikashusha pumzi. Mchungaji wake, ile programu inayoichunga, akaona imelala, akaiwasha (mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha), nayo ikaanza kupiga kutoka jina la kwanza, pamoja na wale ambao tayari walikuwa wamesikiliza wakamaliza. Dawa ya kweli ilitaka kompyuta iliyokuwa nyumbani, ng'ambo ya kilima, na huku ndani watoto wameshaanza kushika matumbo kwa kicheko.

Ningeweza kukimbia. Nilirudi ndani, nikapita katikati mpaka mbele.

"Mchungaji, naomba nafasi."

"Ni tangazo?"

"Ni toba."

Akasogea. Nikasema, "Ndugu zangu, Sabato njema. Anayewapigia ni mimi."

"Tunajua, baba," Mama Kemunto, jirani yetu, akajibu kutoka nyuma. "Tumekusikia."

"Mkikata, inapiga tena. Nawaomba kila mmoja apokee, asikilize mpaka mwisho. Hapo itamwacha."

Mzee Nyakundi akawa wa kwanza, akasimama wima kama mtu anayeomba, simu sikioni. Wengine wakafuata. Mchungaji, ambaye naye ana kashamba kake, akapokea ya kwake palepale mimbarani. Nikasimama mbele ya kanisa lililoinamisha vichwa kunisikiliza, na mimi sisemi neno. Simu ya mwisho ilipokwisha, mchungaji akaweka yake mfukoni, akauliza taratibu, "Sasa tuchukue vikapu, au nimalizie mahubiri?" Kanisa likavunjika kwa kicheko.

Jumapili nilifika mkutanoni wa kwanza.

"Kijana," akasema Mzee Nyakundi, "mashine yako sasa inaijua Sabato?"

"Inaijua, mzee. Niliandika jana jua lilipotua. Lori lipite litakavyo, haitapiga."

"Na siku ya mazishi kijijini, wakati hatuchumi?"

Siku hizo nazo nilikuwa nikiizima kwa mkono. "Bado, mzee. Naliandika leo kabla sijala."

Akawageukia wengine. Mama Kemunto akanyoosha mkono. "Mimi nataka ibaki. Tangu ianze sijanyeshewa. Lakini sauti itafutwe nyingine, hii tumeisikia ya kutosha."

Mikono ikapanda. Mfumo ukabaki.

Tangu hapo, kabla sijahamisha mfumo wowote, hukaa kwanza kando ya ule wa zamani nikitazama mikono yangu mwenyewe inaufanyia nini bila mimi kufikiri, nami naandika. Na Ijumaa nafua nguo, nachota maji, napika chakula cha Sabato. Seva ya mtu sigusi, hata anibembeleze vipi.