Koti la Serikali

Mwalimu wetu wa kuzima moto alikuwa mtu wa Pwani, na siku ya kwanza alitupanga wawili wawili ili tujifunze kubeba majeruhi. Akapiga filimbi. Hakuna aliyembeba mwenzake. Tulianza kuulizana: wewe ni wa ukoo gani, mama yako alitoka wapi, mume wako ni mtoto wa nani. Mistari aliyoipanga ikavunjika, watu wakahama huku na huku uwanjani pale Ogembo, na alipopiga filimbi ya pili akakuta kila mtu ana mwenzi mwingine. Alidhani tumemdharau. Akafoka kidogo, kwa Kiswahili kizuri mno hata ukali wake ukawa kama mahubiri.

Mimi nilikuwa nimepangwa na kijana mwendesha boda boda, ndevu zake bado zinatafuta njia. Tulipoulizana tukagundua kwamba yeye na baba mkwe wangu ni watoto wa ndugu wawili. Basi kwa mila zetu kijana yule ni baba mkwe wangu pia, ingawa kwa umri ningeweza kumzaa. Aliruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto, nami nikajifunika leso mabegani. Mwalimu akaja akasimama kati yetu, mikono kiunoni.

"Moto hauulizi ukoo, mama," akaniambia.

Nina mdomo, na wakati ule nilikuwa nao zaidi. Nikamjibu kwamba moto hauulizi kwa sababu hauna wakwe. Uwanja mzima ulicheka, hata yeye.

Heshima hiyo sisi Wakisii tunaiita chinsoni. Ni aibu, lakini ni aibu ya kuwekeana, kama ua uliopandwa kati ya nyumba mbili. Mke wa mwana hamgusi baba mkwe, haketi naye kiti kimoja, wala haingii chumba anacholala. Naye baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe, hata mvua ikimkuta mlangoni. Mnaweza kupendana sana na ua ukabaki palepale. Ningesema hata kupendana kwenyewe ni kuutunza huo ua.

Mafunzo yale yalilipiwa na ruzuku ya serikali. Wazima moto wachache wa mjini hawawezi kufika kila kijiji cha Kisii na Nyamira kabla nyumba haijateketea, kwa hiyo fedha zilitolewa ili kila wadi ipate watu wake wa dharura, na likawekwa sharti kwamba mmoja wao awe mwanamke. Katika wadi yetu, upande wa Nyamira, mwanamke aliyejitokeza ni mimi. Huwa nauza mapazia ya mitumba Daraja Mbili siku za soko, na nilikuwa nimechoka kuona watu wakipaka majeraha ya moto dawa ya meno na unga wa ngano kana kwamba wanaandaa keki. Tulipomaliza tukapewa mkasi, glavu, kofia ngumu na koti zito la rangi ya machungwa lenye mikanda inayong'aa. Tukaambiwa koti ni mali ya serikali na litarudishwa ruzuku ikiisha. Nililivaa njia nzima hadi nyumbani, juani, na watoto wakanifuata wakiniita Serikali. Nilijiona mtu.

Baba mkwe alikuwa ameketi kwenye kiti chake mbele ya nyumba, mahali anapoota jua kila siku. Ni mtu wa kujipenda, mzee yule. Hata kukamua ng'ombe hukamua na suruali iliyopigwa pasi na kofia kichwani. Baadaye mama mkwe alikuja jikoni kwangu akasema mzee anauliza kama hilo koti limepikwa au bado, maana aliyelivaa ameiva. Hivyo ndivyo tulivyotaniana miaka yote, yeye upande wake na mimi upande wangu, mama mkwe akipeleka na kurudisha.

Ajali ilitokea asubuhi moja ya kiangazi. Mama mkwe alikuwa amepeleka ndizi sokoni, mume wangu yuko kazini Kisii mjini, na wanaume wa jirani wako kwenye kituo cha kupimia majani chai. Mzee alikuwa akikata nyasi za ng'ombe kwa mashine ya petroli. Mafuta yakaisha, naye hakungoja ipoe. Akamimina mengine injini ikiwa moto. Mimi nilisikia kelele ya wanawake, nikatoka nikakuta nyasi zinawaka kando ya mashine na wake wenzangu, wake wa ndugu za mume wangu, wakirusha udongo. Tulizima upesi. Nikauliza mzee yuko wapi, na mmoja wao akaonyesha nyumba kwa kidevu.

Suruali yake ilikuwa imeshika moto. Aliuzima kwa mikono yake mwenyewe, kisha, badala ya kukaa pale asaidiwe, alikimbilia chumbani akafunga mlango, kwa sababu suruali haikuwa imebaki suruali ya kuitwa suruali na uani palikuwa na wake wa wanawe.

Tuliingia hadi sebuleni, tukasimama. Sote tuliokuwa pale tulikuwa tumeolewa katika boma lile, na hakuna hata mmoja aliyeweza kupita mlango uliokuwa mbele yetu. Mtoto mmoja alitumwa akamwite mwanamume, mwanamume yeyote. Nilimsikia mzee akiguna, guno fupi la mtu anayejizuia.

"Tata," nikaita, yaani baba.

"Usiingie," akasema.

Kwenye mafunzo ilisemwa wazi: maji, na maji ya mapema, kabla moto uliobaki ndani ya nyama haujaendelea kula. Kituo cha majani chai kiko mbali. Nilitoka mbio hadi kwangu nikachukua mkoba wenye mkasi, nikavaa koti, nikavaa kofia ngumu na glavu, nikafunga vifungo vyote mpaka shingoni kama mtu anayekwenda kwenye baridi. Sijui nilidhani vifungo vitanisaidia nini. Nikarudi nikasukuma mlango.

Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba ukimfikia majeruhi ujitambulishe kwanza, umwambie wewe ni nani, umwombe ruhusa. Sikufanya hivyo. Ningesema mimi ni nani?

Alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea kitanda, kofia yake bado kichwani. Aliponisikia aliivua, nami nikadhani ataiweka pale palipohitaji kufunikwa. Aliiweka usoni. Akaishikilia kwa mikono yote miwili iliyoungua, na hakuitoa tena.

Nilikata suruali. Pale kitambaa kiliposhikana na ngozi sikuvuta, nilikata pembeni yake kama tulivyofundishwa. Nikamwaga maji taratibu, nikaendelea kumwaga, na kutoka mlangoni wenzangu walinipitishia ndoo huku wametazama ukutani. Nilikuwa na miaka mingi katika boma lile na sikuwa nimewahi kuliona goti la mzee yule. Siku ile niliona kila kitu, na nilitakiwa kutazama vizuri, kwa sababu ukitibu jeraha bila kulitazama utamwumiza mtu. Machozi yalikuwa yananitoka chini ya kofia. Nikamfunika shuka safi, na wanaume walipofika kumbeba hadi kwenye gari niliondoka kupitia mlango wa jikoni kabla hawajaniona vizuri.

Hospitalini walisema maji ndiyo yaliyouokoa mguu. Habari hiyo ilinifikia kwa watu wengi, na kila aliyenipongeza alinipunguza kidogo. Kanisani mama mmoja alinishika mkono akasema Mungu anajua moyo wangu. Nilitamani aniache mkono wangu.

Mzee alirudi nyumbani akitembea na fimbo. Kiti chake kilihama kutoka mbele ya nyumba kikaenda nyuma ya zizi, asikoweza kuniona nikipita. Mimi nikaacha njia ya uani nikawa napita katikati ya majani chai, viatu vikilowa umande kila asubuhi. Chai niliyopika ilirudi ikiwa imejaa birika. Mama mkwe aliendelea kuwa mwema kwangu, ila hakuleta tena utani wowote. Jioni moja mume wangu, ambaye alikuwa akinitetea kwa kila mtu, aliniuliza polepole kama mlango ulikuwa umefungwa siku ile. Nikamwambia ndiyo, ulikuwa umefungwa. Akavuta sahani, tukala.

Ningekuwa nimekosa, ningeomba msamaha. Wazee wana njia zao, kanisa lina zake, na kosa lina pa kulipeleka. Lakini mimi sikukosa. Ningerudi siku ile ningesukuma mlango uleule. Aibu isiyo na kosa haina pa kuipeleka, unabaki nayo nyumbani kama mgeni asiyeaga.

Kisha akanipigia simu afisa aliyesimamia mradi wa ruzuku, mtu mpole kutoka kaunti za ziwani. Awamu ya kwanza ilikuwa inaisha, na ili awamu ya pili ije, wakubwa kutoka Nairobi walitaka kuona matunda. Alikuwa amesikia habari yangu. Mwanamke wa kijijini kumwokoa baba mkwe wake, alisema, hakuna tunda lililoiva kuliko hilo. Alitaka nije mkutanoni Ogembo na mzee mwenyewe, tupigwe picha, kisha nionyeshe kwa mwanasesere wa mafunzo jinsi nilivyofanya. Nilimwambia mgonjwa hapendi. Akanieleza kwa upole uleule kwamba bila kitu cha kuonyesha, fedha zinaweza kwenda kwingine. Nikawafikiria wanawake niliowashawishi sokoni wajiandikishe awamu ya pili, wale niliowaambia wasiogope, kazi ni kazi. Nikakosa la kusema. Kwetu mkubwa akikuomba jambo ukanyamaza, amejua umekataa. Kwake yeye kunyamaza kulikuwa kukubali, na alimtuma chifu akamwalike mzee.

Sikujua. Siku ya mkutano nilikuwa nimeketi mstari wa mbele nimevaa koti langu, najiandaa kusema mgonjwa hakuweza kuja, nilipomwona mama mkwe akiingia hemani, na nyuma yake mzee, fimbo mkononi, suruali imepigwa pasi, kofia ni ileile. Niliomba ardhi ipasuke inimeze. Wakampa kiti upande wa pili. Mwanasesere alikuwa amelazwa juu ya meza kati yetu, miguu wazi, na mkasi umewekwa kando yake.

Afisa alimsifu, akamwita, akampa kipaza sauti. Akamwomba awaambie wageni ni nani aliyemwokoa. Mzee alikishika kile kipaza sauti mbali na mdomo, kama kitu kinachoweza kumrukia.

"Mimi nilichomeka, hiyo ni kweli," akasema. "Lakini sikuona mtu. Nilikuwa nimefunika uso na kofia. Kama kuna mtu aliingia, ilikuwa koti ya serikali."

Wageni wakacheka. Watu wetu hawakucheka. Afisa akatabasamu, akadhani mzee ametania, akamkumbusha kwamba si ni bibi ya kijana wake.

"Bibi ya kijana yangu hajawahi ingia chumba yangu," mzee akasema. "Hata siku moja."

Niliwaona watu wazima wakitazama viatu vyao. Afisa akanigeukia mimi, jasho limemtoka usoni, na mpiga picha akageuza kamera.

"Mama, si ilikuwa wewe?"

Nilisimama. Nilijua kuna wanawake wa sokoni wamesimama nyuma ya hema wakingoja nitakalosema, na nilijua nikisema ndiyo nitamvua mzee mara ya pili, safari hii mbele za watu.

"Ni vile mzee amesema," nikajibu, nikaketi.

Awamu ya pili haikuja kwetu. Sijui kama ni kwa ajili yangu. Serikali ina sababu zake nyingi. Lakini wale wanawake wakinikuta Daraja Mbili huniuliza mafunzo yataanza lini, nami hujidai nakunja pazia. Tukaambiwa turudishe makoti. Nililifua langu nikalianika uani. Mama mkwe akaja akalishika mkono, akasema mzee anauliza kama linaondoka. Ulikuwa ujumbe wa kwanza tangu ajali. Nikasema ndiyo, ni mali ya wenyewe. Akaenda. Nikasikia nyundo ikigonga ndani ya nyumba ya mzee, vibaya, kama ya mtu ambaye mikono yake haijapona.

Mama mkwe akarudi. Alisema mzee amepigilia msumari nje ya mlango wa chumba chake, upande wa sebuleni. Koti likae pale. Siku nyingine ikitokea shida, liingie.

Nililikunja, nikampa mlangoni, nikageuza uso. Kiti cha mzee bado kiko nyuma ya zizi, nami bado napita kwenye majani chai. Ua umerudi na tunautunza sote wawili. Afisa alipiga simu akasema wenzangu wote wamesharudisha, akauliza langu liko wapi. Nilimwambia bado liko kazini.