Saksafoni ya Nyumba ya Pili

Mwezi uliopita wenzangu wa ofisini, pale Arlington, walininunulia tiketi ya muziki. Walisema nafanya kazi kupita kiasi, nitoke nikaone dunia. Tukaendesha hadi Herndon, kwenye ukumbi mdogo wenye viti laini, na mlangoni wakawa wanatugawia divai katika vikombe vya plastiki. Akapanda jukwaani kijana mwenye ndevu na saksafoni, peke yake, bila ngoma wala gitaa. Akapuliza. Hapakuwa na wimbo wa kuitikia, wala mdundo wa kutikisia mguu. Alikwaruza, akakohoa, akanong'ona, halafu akapiga mayowe. Karatasi ya ratiba ilisema hiyo ni jazi huria.

Watu walifumba macho. Mwanamke mmoja kando yangu alipangusa machozi, na mwishoni ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Yule mwanamke akaniinamia kunieleza kwamba kijana yule ni shujaa. Mimi nilikuwa nimekaa, mikono nimeikunja, nina hasira mpaka masikio yananiwaka. Najua, rafiki yangu, kijana hakuwa amenikosea lolote. Lakini sauti ile naijua. Nimekua nayo upande wa pili wa ukuta, na huko hakuna aliyeiita ushujaa. Iliitwa kelele, na ikaandikiwa barua.

Tulikaa Oxon Hill, mimi na Mama, orofa ya tatu ya jengo la matofali mekundu ambalo ngazi zake zilinuka sabuni ya kufulia. Ukifungua dirisha la jikoni, unasikia ndege zikishuka kuufuata mto. Mama alitunza wazee huko Arlington, zamu za saa kumi na mbili, na jioni viatu vyake vyeupe vya kazi vilikaa mlangoni vikionekana vimechoka kuliko yeye. Jumapili ndiyo iliyokuwa siku yetu. Kanisani kwanza, halafu dukani, halafu sukuma wiki inakatwa nyembamba na mimi nasonga ugali nikiwa nimepanda kigoda, Mama akinikosoa: "Songa! Usiuchezee." Omena, dagaa wa kwetu, tulipika mara chache, na siku hiyo madirisha yalifungwa na taulo likatiwa chini ya mlango, kwa sababu jirani mmoja aliwahi kwenda kuuliza ofisi ya jengo kama kuna kitu kimekufa kwetu. Hivyo ndivyo tulivyoishi Amerika, tukijifungia harufu zetu na sauti zetu ili watu wasikasirike. Kufunga madirisha ilikuwa kazi yangu.

Nyumba ya pili alikaa mwanamume mmoja wa mashariki ya Kongo, peke yake. Alifanya kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja kule chini mtoni. Alimwita Mama "voisine", yaani jirani kwa Kifaransa chao, na mimi aliniita "mutoto". Kifaransa alikisoma vizuri, ila Kiingereza kilimpiga chenga kabisa, kwa hiyo kila barua iliyomfikia aliileta mlangoni kwetu nimsomee. Nilikuwa na miaka kumi. Yeye aliongea Kiswahili chake cha Kongo, mimi nikajibu kwa Kiingereza kilichochanganywa na Kiswahili kibovu cha mtoto wa huku, na tukaelewana. Kila barua niliyosoma aliilipa kwa maandazi yake ya mviringo, yenye sukari juu, yaliyofungwa kwa karatasi ya jikoni.

Kila Jumapili, saa kumi alasiri, alipiga saksafoni. Mwanzoni nilicheka. Nilidhani hajui. Siku moja nilimuuliza kwa nini hapigi wimbo wa kweli, naye akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua.

"Rumba nilipigaka zamani," akasema, "batu yangu bakiwa bazima. Sasa napiga ile inabakia."

Batu ni watu. Nilielewa neno, lakini alichokuwa akiniambia sikukielewa mpaka kukhu alipofariki.

Kukhu ndiye bibi yangu, mzaa mama, kule Kakamega. Makaratasi ya Mama yalikuwa bado ofisini kwa watu wa uhamiaji, akitoka hatarudi. Basi hakwenda kumzika mama yake. Siku ya mazishi tuliweka simu juu ya meza tukasikiliza. Tulisikia ngoma za isukuti, tukasikia wanawake wakiingia langoni mbio huku wakipiga mayowe, maana kwao marehemu haagwi kwa kunong'ona. Mama aliishika meza kwa mikono miwili. Halafu kadi ya simu ikaisha. Mpaka leo nikikumbuka ile sauti ya mashine ikituambia kwa adabu kwamba muda wetu umekwisha, nataka kuvunja kitu.

Tuliweka matanga hapo hapo sebuleni. Watu wa kanisa walikuja jioni mbili mfululizo, na siku ya tatu, ambayo ilikuwa Jumapili, wakaja mchana. Viatu vilijaa mlangoni, chai ya tangawizi ikachemka kwenye sufuria kubwa ya kuazima, maandazi yakapita kwenye sahani za karatasi. Mzee wa kanisa, ambaye pia alikaa katika jengo letu na ndiye aliyejua Kiingereza cha kuongea na ofisi, aliongoza. "Tuimbe polepole," akasema. "Hapa si nyumbani, wasije wakaita polisi." Akanigeukia. "Mtoto, funga madirisha." Nikafunga. Watu ishirini wakaimba kama wanaoogopa kuamsha mtoto mchanga, na kila aliyemkumbatia Mama alimwambia neno lile lile: jikaze. Mama akajikaza. Siku tatu macho yake yalikuwa makavu kabisa, na mimi nilimwogopa.

Saa kumi jirani akaingia na saksafoni yake.

"Pole, voisine," akasema. "Kwetu batu banalia na sauti. Hapa naona kila mutu amefunga kinywa."

Mzee wa kanisa akatabasamu. "Ndugu, karibu. Unaweza kutupigia wimbo mmoja wa kitabuni?"

"Ya kitabu munaijua tayari," akajibu jirani, na akapuliza.

Mwanzoni ilitoka pumzi tu. Halafu sauti moja iliyopasuka, ikarudi, ikapasuka tena, ikapanda mpaka nikaziba masikio, na ilipofika juu haikuwa tena chombo. Ilikuwa mwanamke anayekimbia barabarani akiita jina. Ilikuwa ile sauti iliyokatwa kwenye simu, imeingia nyumbani kwetu bila kuomba ruhusa ya mtu. Mama akainuka. Akaweka mikono kichwani, akapiga yowe kwa lugha ya kwao, yowe refu ambalo sikujua limo ndani yake, na machozi yakamtoka kama maji.

Wanawake wakamshika, wakampeleka chumbani. Mzee wa kanisa akaenda moja kwa moja na kuziba mdomo wa saksafoni kwa kiganja chake. Kiganja, rafiki yangu! Kama anayemziba mtoto mtukutu. "Inatosha, ndugu," akasema. "Hii ni kelele. Umemuumiza mama wa watu." Jirani aliutazama mlango wa chumbani, ambako Mama alikuwa bado analia, kisha akaifunga saksafoni ndani ya sanduku lake.

Chumbani, Mama alinivuta mkono. "Mwambie asiache," akaniambia katikati ya kwikwi. Nilipopenya kati ya watu hadi mlangoni, jirani alikuwa ameshafunga kwake. Niliona haya kugonga. Nikasema nitamwambia kesho, na kesho nikaenda shule.

Baada ya siku hiyo Jumapili zetu zilibadilika. Ikikaribia saa kumi, Mama alizima jiko, ugali uive usiive. Alizima na feni ya juu ya jiko, akafuta mikono, akasimama na viganja vyake vimegusa ukuta. Jirani akipuliza upande wa pili, Mama analia upande huu, taratibu, mpaka anamaliza. Kisha anawasha jiko, na wakati mwingine anaimba akiwa anakata nyanya. Nilikuwa nimerudishiwa mama yangu, na aliyemrudisha hakuwa mchungaji wala wimbo wa kitabuni. Alikuwa mfuaji mashuka wa hotelini.

Siku moja mzee wa kanisa alinikuta ngazini. "Mwambie mama apumzike," akasema akinipapasa kichwa. "Nimeshamsemea ofisini." Sikuelewa amesema nini, na sikumfikishia Mama.

Wiki hiyo jirani alileta barua. Niliisoma kimya kwanza, kama kawaida yangu. Ilisema analalamikiwa kwa kelele kwa mara ya tatu. Ilisema afike ofisini Alhamisi saa nne ajieleze, na asipofika mkataba wake wa nyumba utakoma mwisho wa mwezi. Na katikati iliandikwa kwamba safari hii waliosumbuliwa ni familia iliyofiwa, ikatajwa namba ya nyumba. Ilikuwa namba yetu.

Nilisimama pale na karatasi ile. Nikimsomea, atajua namba. Nikimsomea, ataacha kupiga, na Mama atarudi kukaa na macho makavu.

"Wanasema nini, mutoto?"

"It's just the machines," nikasema. "Mashine za kufua. Wanatengeneza Thursday."

"Mashine tu?"

"Yeah."

"Aksanti. Mungu akulinde." Akanipa maandazi manne. Niliyala yote.

Alhamisi ikapita, yeye akiwa kazini akikunja mashuka. Barua ya pili ilimkuta mimi niko shule, akaipeleka kwa mzee wa kanisa, na huyo alimsomea kila neno, pamoja na namba. Jumapili iliyofuata palikuwa kimya. Mama alizima jiko akangoja. "Labda leo yuko kazini," akasema. Jumapili ya pili akazima tena, akangoja mpaka ugali ukapoa. Angeweza kwenda kugonga, lakini mwanamke asiye na mume akigonga mlango wa mwanamume, kanisa zima lingekuwa na la kusema. Hata hilo linaniudhi. Watu wale wale waliotukataza kulia ndio waliotukataza kugonga.

Siku ya mwisho wa mwezi nilitoka shule nikakuta masanduku ngazini. Mpwa wake alikuwa chini na gari dogo la mizigo, anapiga honi. Jirani aligonga kwetu, kofia mkononi.

"Mama iko?"

Nikatikisa kichwa. Mama alikuwa Arlington, akimlisha mzee wa mtu.

"Mutoto, nakuuliza kitu moja. Mimi nilimusumbua mama yako?"

Jibu lilikuwa neno moja tu, rafiki yangu. Nililijua kwa Kiswahili, nililijua kwa Kiingereza. Lakini ningejibu hapana, angeuliza mbona barua imesema hivyo, na mbona sikumsomea. Nikatazama viatu vyangu.

"I don't know," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, akavaa kofia yake. "Umuambie pardon," akasema, na akashuka.

Jioni Mama alirudi akaona mlango wa pili uko wazi na ndani hamna kitu.

"Kwani jirani ame-move?"

"Yeah."

"Na hakuaga?"

"I guess not."

Alikaa mezani bila kuvua koti. "Haya," akasema. "Watu ni watu." Jumapili aliwasha redio ya injili. Mzee wa kanisa aliendelea kutuombea kwa maikrofoni, na mimi niliendelea kusema amina.

Miaka imepita na hasira yangu haijapata pa kukaa. Nikiielekeza kwa ofisi, wao waliandika walichoambiwa. Nikiielekeza kwa yule mzee na kiganja chake, inakaa kidogo, maana anastahili, halafu inahama. Inanirudia mimi. Sasa wanauza tiketi za mayowe yale yale, na watu wanakuja na divai kulia kwa saa moja na nusu, na hakuna anayewaambia wafunge dirisha. Nilipita Oxon Hill baada ya onyesho lile. Jengo limepakwa rangi ya kijivu na kupewa jina jipya la kifahari. Ngazi hazinuki sabuni. Madirisha ya siku hizi hayafunguki kabisa, ni vioo vitupu na hewa ya mashine. Nimeuliza Wakongo wa kanisa hili na lile. Hakuna anayejua aliko, na hata mpwa hajulikani.

Jumapili iliyopita Mama alikuwa kwangu, anatuchemshia maharagwe. Nilimwambia yote, jikoni, nikiwa nimesimama, bila kujitetea. Barua, namba, mashine za kufua, swali la mlangoni. Alisikiliza akiwa na mwiko mkononi.

"Kwa hivyo alienda akijua ni mimi?" akauliza.

"Ndiyo, Mama."

Alizima jiko. Akazima na feni. Akaweka mwiko chini, akafuta mikono kwenye leso aliyojifunga, akapandisha mikono kichwani, na lile yowe likamtoka tena, refu, la Kakamega, la mtu anayeingia langoni mbio, safari hii bila saksafoni ya kulitangulia. Mbwa wa jirani akabweka. Ng'ambo ya barabara mtu akafungua mlango kuchungulia.

Dirisha la jikoni lilikuwa wazi nusu. Nililifungua lote.