Jina Nililookotwa Nalo

Iko siku moja, mwanangu Tumaini, hata nikisahau kula, hiyo sitaisahau. Mlete kwanza huyo kitukuu wangu nimpakate, na hiyo simu iweke chini. Toka asubuhi unanisomea majina humo, "Bibi, sikia hili, Bibi, sikia na hili," sauti imekukauka kama mtangazaji wa mpira. Na mumeo, mwalimu wetu kutoka Bukoba, kachukua kipande cha jina lake na kipande cha lako, kashona Wiltu. "Ni jina la kipekee sana, Bibi," ananiambia, anavuta maneno kama yuko mbele ya darasa. Sawa. Mie sikusoma, nauliza tu: mtoto akiitwa hivyo ataitika, au atadhani kuna mtu kapiga chafya?

Acheni nicheke. Nilichotaka kusema ni kingine.

Jana uliniuliza kwa nini wazee wa Mtua wananiita Jalala, na kadi ya kanisani imeandikwa Skolastika. Uliuliza umefunika mdomo na kanga usicheke. Sikukasirika. Mie mwenyewe nililichukia jina hilo kuliko wewe.

Pale Mtua nilipokulia, wenzangu walikuwa akina Zawadi, Anastazia, Siwema. Mie Jalala. Watoto wakipita na uchafu wao wanabisha kwetu, "Hodi, tumekuja kumwaga." Na mama badala ya kunitetea, hata kuniita mwanangu hakuwahi. Akitaka maji: "Wewe mtoto wa watu, niletee maji." Mgeni akiuliza, "Huyu binti yako?" anajibu, "Ah, nimeachiwa tu." Basi nikaamini kweli mie si wa kwake. Nikawa naishi nalo hilo kifuani, silisemi kwa mtu.

Ikaja kipaimara changu. Nilikuwa na miaka kama kumi na minne, nimevaa gauni jeupe la kuazima, nimesimama nje ya kanisa na wasichana wa bweni la misheni, wale wanaoongea kwa puani. Mara namwona Bibi Somoe anakuja. Huyu alikuwa bibi wa Kiislamu, jirani yetu wa zamani, alihamia Chinongwe kwa mwanawe. Katoka huko jana yake kwa miguu, vumbi mpaka magotini, kichwani ungo umefunikwa kanga mpya. Sauti yake nzito, inakwaruza: "Jalala wangu yuko wapi? Jalala, njoo nikuone."

Wasichana wote wakageuka. Nami nikamjibu kwa puani vilevile: "Bibi, umekosea. Mimi naitwa Skolastika. Sikufahamu."

Hakugomba. Aliniangalia, akasema, "Basi nisamehe, binti. Macho yamezeeka." Akampa mama ule ungo, akarudi kwa njia aliyojia. Hata maji hakunywa.

Tulipofika nyumbani mama hakugusa pilau. Alikaa chini akafunua kanga. Kwenye ungo mlikuwa na unga wa mtama na chumvi kidogo kwenye kitambaa. "Unajua leo umefanya nini?"

Ndipo akanieleza. Kabla yangu alizika watoto watatu, hakuna aliyefika kutambaa. Nilipozaliwa mie, Bibi Somoe alinilaza kwenye ungo huohuo, akaniweka juu ya jalala nyuma ya nyumba, akaenda, akarudi kama mpita njia, akaniokota. Akabisha mlangoni: "Wenyewe, nimeokota takataka yangu, inalia. Yupo mwenye maziwa anisaidie?" Mama yuko ndani, machozi yanamtiririka, anajibu kama hajali: "Mie mtoto sina, ila maziwa ninayo. Lete." Ili kile kifo kilichozoea njia ya nyumba yetu kipite, kione uchafu tu, kiende zake. Na mama akafungwa na mwiko: asiniite mwanawe mpaka aliyeniokota anirudishe kwa mkono wake, nikishakuwa mkubwa.

"Alikuja kukurudisha leo," mama akasema. "Miaka yote hii nimeingoja siku hii. Wewe umemfukuza barabarani."

Asubuhi nikabeba ungo peke yangu mpaka Chinongwe. Nilimkuta anachambua mbaazi. Aliniona, akaendelea kuchambua. "Karibu, binti Sko... Skolasi... Jina refu hilo, mama. Nikilianza sasa, jua litazama sijalimaliza."

Nikapiga magoti. "Ni Jalala, bibi. Jalala wako."

Akaweka mbaazi kando, akajifuta mikono. Halafu akasema, "Takataka nimeziona nyingi. Ya kuvaa gauni jeupe ikanikana, ni hii tu." Akacheka yeye, nikalia mie.

Tulirudi Mtua pamoja. Mlangoni alinishika mkono akapaza sauti: "Wenyewe, nimechoka na takataka yangu. Imekua, inakula sana. Yupo wa kuichukua?" Mama akatoka mbio. Bibi akatupaka unga kwenye paji la uso, mie na mama, akatulambisha chumvi. Mama alifungua mdomo, neno likagoma. Likaja mara ya pili, dogo, kama la mtu anayejifunza kusema: "Mwanangu."

Ndiyo maana nakuita mwanangu na wewe ni mjukuu. Hata muuza mkaa hapa Ruangwa namwita mwanangu. Ananicheka, acha acheke.

Sasa nakuusia. Mtoto mwiteni mnavyopenda, hata Wiltu, nitalizoea. Lakini akishapata akili mkalishe, umwambie jina lake lilitoka wapi na nani alilileta. Usimwache abuni mwenyewe, atabuni ubaya kama nilivyobuni mie. Jina la mtu usilicheke hujamuuliza. Na mzee akikuita kwa jina la utoto mbele ya wakubwa wako, itika. Hujui katembea kutoka wapi.

Nashukuru niliokotwa. Nashukuru ulijifungua salama pale Nachingwea, na mtoto hatukuhitaji kumficha. Bibi Somoe na mama yangu Mungu awalaze pema. Kitukuu wangu Mungu ampe afya, aitwe na wanaompenda, naye aitike.

Haya, mwenye mtoto, chukua mtoto wako. Na umwite.